Mawe Kumi na Moja Mlangoni pa Hospitali ya Watoto

Asubuhi niliyotoka Kondoa sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na mashati mawili, viatu vya mtumba vilivyonibana, na ugomvi na kaka yangu ambao leo hata sikumbuki ulianzia wapi. Nilipanda lori la magunia ya alizeti, nikashuka Dodoma, nikatazama huku na huku, nikaona reli. Basi nikaifuata kwa miguu kuelekea magharibi. Nilitaka tu kuona inapinda wapi. Nikapita Zuzu, nikalala kwenye kibanda cha watu wa reli, na kesho yake kabla ya saa nne nikamkuta mtu mwenye koti jeupe anachimba shimo juani.

"Shimo hilo litaua mti," nikamwambia.

Hakukasirika. Alijifuta jasho, akanipa jembe. "Chimba lako, nione."

Ndivyo nilivyopata kazi. Mtu yule alikuwa daktari mkuu wa hospitali ndogo ya watoto, na watu wote walimwita Daktari Miti. Hakuniuliza cheti, na ilikuwa heri, maana niliishia darasa la tano. Nilikaa pale miaka mingi kuliko nilivyokaa mahali popote duniani, nikitunza viwanja. Mjukuu wangu, ambaye sasa anafanya kazi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, ameniambia wenzake wanaoanza kazi wangependa kusikia mambo ya huko. Haya, nyinyi wenzake, kaeni.

Kwanza shimo, nisije nikasahau. Dodoma unachimba mwezi wa kumi, ardhi ikiwa ngumu kama tofali. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini weka kulia. Unaporudisha, anza na ule wa juu, uchanganye na majivu ya kuzuia mchwa. Kando ya mche zika mtungi uliopikwa vibaya, mdomo uwe nje. Ukiujaza maji yanavuja polepole, mti unakunywa wiki nzima. Mtungi mzuri haufai. Wafinyanzi walinicheka sana nilipowaendea kuomba mitungi mibovu.

Sasa mambo ya hospitali. Daktari Miti alikuwa na wazo lake. Alisema mtoto haanzi kuugua wodini. Anaugulia nyumbani, kwenye uji mwepesi na maji ya korongo, halafu analetwa akiwa amechelewa. Kwa hiyo hospitali ikae katikati ya watu, na watu wakae ndani ya hospitali hata kama hawaumwi. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara huria imeingia, vyama vya ushirika vilikuwa vinakufa, na jirani yetu palikuwa na ghala la ushirika, tupu, limejaa popo. Tukaliomba kijijini, tukalitumia pamoja. Asubuhi kliniki ya kupima uzito, mchana akina mama wanafundishana kupika uji wa karanga, jioni kwaya, Jumamosi harusi. Siku moja bwana harusi alikuta mizani ya watoto inaning'inia katikati ya ukumbi, wajomba zake wakamtundika kwa mkanda wa suruali. Ikakatika. Kwa wiki mbili tulipima watoto kwa mizani ya duka la mchele, na muuguzi mkuu wetu, Bi. Esta, alikataa kula keki ya harusi ile.

Kisha tukang'oa uzio wa hospitali. Nyuma ya ghala palikuwa na uwanja wa ekari kama nne, na Daktari akataka uwe bustani ya kila mtu: miti, mabenchi, mahali pa watoto kukimbia. Benchi la kwanza niliweka mahali pazuri pa kutazama vilima. Akina mama watatu wakapitwa na zamu zao siku hiyohiyo kwa sababu hawakusikia majina yao. Benchi la hospitali liweke mama anaposikia akiitwa. Vilima atavitazama akienda nyumbani.

Mwisho wa uwanja huo palikuwa na mahame. Watu walikuwa wameishi pale, ukoo mkubwa, hadi walipohamishwa kupelekwa vijijini. Tembe, nyumba zao za paa la udongo, zilikuwa zimeanguka zikawa vichuguu vya udongo. Uzio wa minyaa ulikuwa bado unasimama, umezunguka patupu. Mimi mahali patupu paliponiita sikuweza kujizuia, ndivyo nilivyo tangu utoto. Nikaingia, nikapekuapekua, nikakuta mawe ya kusagia. Makubwa, yameliwa katikati kama mashua kwa miaka ya kusaga mtama na uwele. Nilihesabu kumi na moja.

Kwenye mlango wa kuingilia kliniki na wodi, mvua ikinyesha, palikuwa na tope hadi kifundoni. Nadhani mmeshaona ninakoelekea. Nikayabeba kwa toroli, moja moja, nikayapanga kutoka uwanjani hadi mlangoni, mashimo yake yakitazama juu. Nilipomaliza nilikaa chini nikayatazama kwa raha. Daktari akaja, akayapita kwa kurukaruka kama mtoto. "Bakari," akasema, "wewe ni fundi."

Jambo la kwanza lilikuwa ndege. Nilijaza maji kwenye mashimo ya mawe ili wanywe. Walikuja, wakatua pembeni, wakageuza vichwa, wakaruka. Kwa kiangazi kile ndege wa Dodoma wanakunywa hata maji ya sabuni. Haya hawakuyagusa.

Halafu mbuzi. Nilikuwa nimepigana na mbuzi wa kijiji kile kwa fimbo, kwa miiba, kwa matusi. Hakuna kilichowazuia. Sasa walifika kwenye mstari wa mawe, wakasimama, wakazunguka mbali. Nilifurahi, naona aibu kusema. Nilimwambia Mama Perusi, dobi wetu, kwamba nimepata dawa ya mbuzi.

Mama Perusi alikuwa Mgogo wa palepale, mikono yake imekunjamana kwa sabuni. Alinitazama, akayatazama mawe, akasema, "Mrangi wewe, una akili sana." Akaendelea kukamua shuka.

Kisha nikaanza kusikia. Ilikuwa mchana, jua la utosi, saa ile upepo unapokata na hata nzi wanatulia. Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Kimya kidogo. Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Nilidhani ni mashine ya kusaga ya kijijini. Nikaenda hadi pale. Mlango ulikuwa na kufuli, na mwenye mashine alikuwa amekaa kizingitini anachokonoa meno.

"Dizeli imekwisha tangu Jumatatu," akasema. "Unataka kusaga nini?"

"Sina cha kusaga."

"Basi umekuja kunicheka."

Siku iliyofuata nilikwenda mapema nikasimama penye mawe. Sauti haikuja. Nilipoondoka na kufika kwenye mabenchi, ikaanza nyuma yangu. Sikugeuka. Jioni nilipofagia, kwenye mashimo ya mawe kulikuwa na vumbi jeupe laini. Nikalichukua kwa kidole, nikalionja. Lilikuwa unga.

Wodini dirisha moja lilitazama upande ule. Bi. Esta, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa kitu, aliniambia kwamba saa sita wodi nzima inanyamaza. Watoto ishirini, wenye homa, wenye majeraha, wote kwa pamoja. Wanaoweza kusimama wanasimama vitandani, wanashika nondo za dirisha. Alimuuliza mmoja, kitoto cha miaka mitatu, anatazama nini.

"Mama wamekaa," kikajibu.

"Mama gani?"

"Wengi."

Bi. Esta alichungulia nje. Palikuwa na mawe yangu na jua, basi.

Na akina mama wenye miili na damu wakaacha kuja. Ilikuwa miezi ile ya njaa, mtama bado mbichi shambani, wakati ambao kliniki hufurika. Foleni ya watu sitini ikawa thelathini, ikawa kumi. Daktari Miti alidhani ni habari ya kuchangia gharama, iliyokuwa imeanza kusemwa redioni. Akatangaza kijijini kwamba kupima uzito ni bure. Hawakuja. Wengine walifika hadi uwanjani, wakakaa kwenye mabenchi yangu, wakanisalimia vizuri sana, "Mbukwenyi," nami nikaitikia, wakatazama mlango, wakaondoka.

Kati yao alikuwepo mwanamke mmoja kijana, Mama Sechelela. Mtoto wake Sechelela alikuwa na mwaka na nusu. Nywele zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, miguu imevimba, uso umevimba ukawa kama wa mtu mzima aliyechukizwa. Hakulia. Mtoto wa kwashakoo halii, vijana, na mkimwona mtoto mgonjwa asiyelia msifurahi. Bi. Esta alitoka nje, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, shimo likabaki pale muda mrefu.

"Mama, mlete ndani. Atakunywa maziwa kidogo kidogo, kila saa tatu, mchana na usiku. Akikosa ya usiku hatavuka wiki. Nakuambia kweli yangu."

"Nimesikia, muuguzi."

"Unaingia?"

"Nitakuja kesho."

Kesho alikuja, akakaa mahali palepale. Bi. Esta akamletea mtoto maziwa kwa kikombe, nje, akarudi ndani akiwa amekunja uso. Mama yule akampa mtoto titi lisilo na kitu, nami natazama. Nikaenda kwa Mama Perusi kwenye kamba za nguo.

"Mama Perusi, mbona hawaingii?"

"Wewe ungeingia?"

"Kwa nini nisiingie?"

Aliacha shuka likining'inia. "Lile jiwe kubwa tunaliitaje sisi?"

"Sijui."

"Mama. Na lile dogo la juu, la kushikwa kwa mikono miwili?"

Nilianza kuhisi baridi juani. "Mtoto?"

"Sasa, bwana fundi. Umechukua akina mama kumi na moja kwenye mji wao. Umewaacha watoto wao huko kwenye vichaka. Umewapanga mstari mlangoni pa hospitali ya watoto, mapaja wazi, wanangoja. Nani atapita pale na mtoto mgongoni?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuja kunitangazia dawa ya mbuzi."

Nilitaka kuyaondoa saa ileile. Alinikataza. Kuyarudisha kwenye mahame haitoshi, alisema, kwa sababu yameshaona watoto na yataendelea kuwatafuta. Aliyeyatoa ayapeleke kwa mwenyewe, kwa mkono wake, kila mama na mtoto wake. Na mwenyewe bado yupo. Wanawake wote wa mji ule wamekufa, isipokuwa mmoja, Bibi Raheli, aliyehamishiwa kijiji cha nyuma ya vilima, mwendo wa siku nzima kwa mkokoteni.

Nilimweleza Daktari Miti nikitegemea acheke. Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Na mimi niliruka juu yao," akasema. Akaniambia niache kazi nyingine zote.

Mchana kutwa nilitambaa kwenye mahame nikitafuta mawe madogo. Baba yake Sechelela, Ndahani, mtu mrefu mkimya, alikuja kunisaidia bila kuombwa. Tuliyapata chini ya minyaa, ndani ya vichuguu, moja kwenye pango la kenge. Tukayajaribu kila moja juu ya jiwe kubwa hadi likae sawasawa. Jua lilipoanza kuzama tulikuwa na kumi. La kumi na moja hatukulipata. Tukafukua hadi kucha zikatoka damu.

"Twende hivyohivyo," akasema Ndahani. "Mtoto wangu hana siku nyingi."

Mkokoteni ulikuwa wake, na ng'ombe wake. Tuliondoka alfajiri. Nilipotazama nyuma nikamwona Mama Sechelela anasimama penye udongo mtupu ambapo mawe yalikuwa. Aliupima kwa mguu, kama mtu anayejaribu maji. Akavuka, akaingia. Lakini alikuwa ameshamwambia Bi. Esta masharti yake: ataingia mchana tu. Kumlaza mtoto pale usiku, hapana, hadi Bibi Raheli aseme wamefika.

Safari ile sikuipenda. Nimelala kwenye mabehewa, kwenye makaburi ya watu nisiowajua, sikuwahi kuogopa njia. Siku ile tulitembea pembeni ya mkokoteni, hatukuthubutu kupanda. Mawe yalikuwa yamefunikwa kwa gunia. Kila gurudumu lilipoingia shimoni yaligongana kwa sauti ndogo, yakatulia, yakagongana tena hata tulipokuwa kwenye njia tambarare. Saa sita jua likasimama. Ng'ombe wakasimama nao. Ndahani hakuwapiga. Alikaa chini, akaficha uso magotini, nami nikafanya hivyo. Ile sauti ya kusaga ilikuja taratibu, lakini safari hii ilikuwa ya mawe mengi, na chini yake kulikuwa na mtu anayeimba kwa pua, wimbo usio na maneno, kama mwanamke anavyombembeleza mtoto huku anafanya kazi. Sijui ilichukua muda gani. Ng'ombe ndio walioanza kutembea wenyewe.

Tulifika jua likiwa limelegea. Bibi Raheli alikuwa amesimama mlangoni pa tembe yake, mdogo kama mtoto wa shule, macho yameingia ukungu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyewachukua?"

Hakuna mtu aliyekuwa ametangulia kumwambia. Sikumwuliza amejuaje. "Ndiye mimi, bibi. Sikujua."

"Washushe."

Tuliwashusha mmoja mmoja. Alipitisha viganja juu ya kila jiwe, akalitaja jina: mke mwenza wake, wifi yake, mama mkwe wake. Alicheka kwa mmoja, akasema huyu alikuwa mvivu, tazama alivyoliwa upande mmoja. Alipofika la kumi na moja akatafuta juu yake kwa mkono, akakuta patupu.

"Mtoto wake yuko wapi?"

Nikaeleza. Ndahani alikuwa amesimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake.

"Mna mgonjwa huko?" akauliza Bibi.

"Binti yangu," akasema Ndahani. "Mwaka na nusu."

Bibi Raheli alipapasa tena pale patupu. Kisha akaniambia mimi, si yeye, "Nenda korongoni. Lete mawe matatu yanayojaa mikono miwili. Usichague kwa macho."

Nikaenda, nikafumba macho kwenye mchanga mkavu, nikashika nilichoshika. Aliweka konzi ya uwele kwenye jiwe, akachukua la kwanza. Liliteleza, likamponda kidole. Akaliweka kando bila hasira. La pili lilipasua punje tu, likatoa harufu ya moshi. Ndahani alikuwa amegeukia ukuta. La tatu alilizungusha, akaligeuza, akalisukuma. Likakwama. Akaongeza nguvu kwa mwili wake wote mdogo. Likakwama tena, kisha likaachia, na unga ukaanza kutoka pembeni, mweupe, laini. Akasaga hadi uwele ukaisha. Akachukua kidogo, akaniwekea ulimini.

"Mtoto wa kulea," akasema. "Amempokea. Nendeni mkamwambie yule mama alale na mwanawe."

Ndahani hakungoja maji ya kunywa. Aliacha ng'ombe wake pale, akaondoka kwa miguu, nusu anakimbia. Bi. Esta alinisimulia baadaye kwamba aliingia wodini na miguu inatoka damu, akasema maneno mawili tu, "Wamefika," na mke wake akapanda kitandani na mtoto. Ilikuwa wiki ya tatu Sechelela alipolia kwa mara ya kwanza, kwa hasira, akitaka kikombe, na Bi. Esta akaenda nyuma ya kabati la dawa akakaa huko kidogo. Foleni ya kliniki ilikuwa imeshafika tena kwenye mabenchi.

Lakini jioni ile mimi sikujua hayo. Nilibaki na ng'ombe wawili, ajuza mmoja, na mawe. Nikauliza kama kijijini pana mahali mgeni anaweza kulala.

"Wewe utalala humu," akasema Bibi Raheli. Akanipa ugali na mlenda, akangoja nile wote. Kisha akatandika ngozi ndani ya tembe, kwenye sehemu ya ndani kabisa yenye giza, na kando ya ngozi nilikuwa nimeyaingiza na kuyapanga mawe, kila mama na mtoto wake.

"Karibu nao hivi?"

"Wewe ndiye uliyewatoa. Lazima wakuzoee." Aliufunga mlango kwa kigogo. "Lala upande wa ukuta. Nafasi hii iliyo kati yako na mawe waachie wao."

Nikavua viatu, nikajibana ukutani.